Nyumba ipumue kama kichuguu: ninavyopunguza joto bila kiyoyozi

Nyuma ya nyumba ya bibi, huku Dodoma, palikuwa na kichuguu chenye mdomo wazi kileleni. Alfajiri tulikuwa tunaweka viganja pale juu na kuhisi hewa ya uvuguvugu ikipanda, ilhali nje tunatetemeka. Sasa mimi ni fundi mwashi, na wateja wangu nawajengea hivyo hivyo: hewa iingie chini ikiwa baridi, itokee juu ikiwa moto.

Wazo si langu. Harare kuna Eastgate Centre, jengo la maduka na ofisi lililofunguliwa 1996, ambalo msanifu Mick Pearce alilibuni kwa kutazama vichuguu. Halina viyoyozi vya kawaida. Usiku feni huvuta hewa ya baridi, zege linapoa, na mchana baridi hiyo ndiyo inayotuliza vyumba huku hewa moto ikitokea kwenye dohani za paani. Watafiti walikuja kusema baadaye kwamba kichuguu chenyewe hufanya kazi zaidi kama pafu kuliko dohani. Mchwa na wao wayamalize, jengo linapoa.

Kwanza jiulize usiku wa kwenu ukoje. Njia hii inataka baridi ya usiku, kama ya Dodoma, Singida au Nairobi. Kama uko Dar au Mombasa, unakolala huku jasho linakutoka, usipoteze tofali zako. Huko tafuta kivuli, na madirisha yatazamane upepo upite.

Matundu ya chini yaweke kwenye kozi ya pili, yaani mstari wa pili wa tofali, kutoka sakafuni, upande unaopokea upepo. Kwetu upepo mwingi hutoka mashariki. Tumia tofali za matundu, weka wavu wa chuma kwa ajili ya panya na nyoka, wavu wa mbu kwa ndani, kisha kifuniko cha mbao chenye bawaba. Kifuniko hicho usikiache kwa kubana bajeti, utaona kwa nini.

Tundu la juu ndilo lenye kazi. Kata dari katikati ya sebule, upandishe dohani ya tofali mpaka ipite kofia ya bati, kile kilele cha paa, na uifunike kwa kibati kipana mvua isiingie. Ukubwa wake usipungue jumla ya matundu ya chini. Mdomo wake uupe upepo kisogo. Dohani yangu ya kwanza niliielekeza mashariki, na vumbi la Agosti likamwagika lote kwenye meza ya chakula. Mama mwenye nyumba hakunigombeza. Alipitisha kidole mezani, akanionesha. Nilibomoa kwa gharama yangu.

Kuta za ndani ziwe nzito: tofali za kuchoma na lipu, sakafu ya zege. Huo uzito ndio mtungi wako wa baridi. Ukizifunika kwa mbao za jipsamu, kama wengi wanavyopenda siku hizi, umeuziba mtungi mdomo.

Matumizi yake sasa. Saa mbili usiku fungua chini na juu. Saa moja asubuhi funga vifuniko vya chini na madirisha, hata kama nje bado kuna ubaridi mtamu. Hapa ndipo watu wanaponiangusha: saa saba mchana wanafungua kila kitu "hewa iingie", moto wote wa mtaa unahamia ndani, halafu fundi ndiye anapigiwa simu.

Kabla sijakabidhi nyumba nasubiri saa tatu usiku, nawasha udi na kuushika mbele ya tundu la chini. Moshi ukilala kuelekea ndani, kisha ukapanda darini, kazi imekubali. Ukisimama tu, tundu la juu ni dogo. Ukinirudia usoni, najua kesho asubuhi narudi na nyundo.