Namna ya kurekodi simulizi za wazee wa Karamoja kuhusu enzi za Waingereza

Ukiwa Karamoja, nchi ya wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda, usianze kwa kumuuliza mzee Waingereza walifanya nini. Atakujibu kama anavyowajibu watu wa serikali: maneno mawili, kisha kimya. Muulize ng'ombe wa baba yake walikuwa wakinywa wapi kiangazi kikikaza. Atataja mito, vilima na watu waliopishana nao kisimani. Pale njia inapokatika ghafla, muulize kwa nini. Mara nyingi hapo ndipo sheria ya mkoloni ilipoingia.

Mpe kijiti achore udongoni: ere, yaani kijiji cha wake na mtama, kisha awi, zizi la kuhamahama. Piga picha mchoro kabla haujakanyagwa. Halafu mwombe achore upya baada ya mpaka au hifadhi kuwekwa. Kwa Wadodoth, wafugaji wa kaskazini mwa Karamoja, tofauti kubwa huonekana upande wa Kidepo, palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962.

Ugumu mkubwa ni tarehe. Wengi hukosea kwa kukisia umri kutokana na asapan, sherehe ya kumwingiza mwanamume katika rika lake. Asapan haina umri maalum. Njaa ikija, au wazee wakikataa kuifungua, kijana husubiri miaka mingi. Kwa hiyo andika rika kwanza, kisha tafuta tukio lenye mwaka unaojulikana: askari wa Waingereza kuanza kutawala Karamoja mwaka 1911, utawala wa kiraia kuingia 1921, Achia, chifu aliyewekwa na Waingereza, kuuawa mahali paitwapo Nabilatuk 1923. Uliza kama jambo analosimulia lilitokea kabla au baada ya hayo. Alama "A" iwe ya aliyoyaona mwenyewe, "B" ya aliyosimuliwa na baba yake. Habari za 1923 zote ni B, na ukizichanganya na A rekodi nzima inapotoka.

Majina nayo yanasumbua. Mwanamume huitwa pia kwa jina la maksai (ng'ombe dume aliyehasiwa) wake mpendwa, likianza na Apa-, kwa hiyo daftari la kodi la mkoloni laweza kuonyesha jina ambalo kijiji hakilitumii. Uliza majina yote, pamoja na rangi na pembe za maksai huyo. Kwa wazee wengi swali hili peke yake hufungua mazungumzo.

Wanawake wahojiwe peke yao, na mwanamke mwenzao. Wao ndio waliobaki na watoto na ghala la mtama wakati mifugo iko mbali au imetwaliwa, na wanakumbuka vizuri mwaka upi ghala lilikuwa tupu.

Rekodi kwa simu mbili, dakika 40 kila kikao, kwa Kikarimojong. Kiswahili cha mkalimani hufupisha mno: maneno ya dakika tano hugeuka "alikataa." Kabla ya kikao cha pili msomee mzee uliyoyaandika, wenzake wakiwa wamekaa naye chini ya mti. Watamsahihisha, na masahihisho hayo yaandike pembeni bila kuyafuta ya kwanza.