Mhudumu mpya wa ndege: saa, kauli na pawabenki

Kijana wa Tabora au Kigoma aliyefaulu mafunzo ya uhudumu wa ndege huwa hababaishwi na kanuni. Amezisoma na kuzifanyia mtihani. Kinachomsumbua miezi ya mwanzo ni mazoea ya nyumbani. Sare, kucha na viatu atavizoea ndani ya wiki moja. Saa ndiyo huchelewa kukaa kichwani.

Kwanza angalia kichwa cha rosta, yaani ratiba ya zamu zako: imeandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa ya usafiri wa ndege) au kwa saa za Tanzania? Tanzania imetangulia UTC kwa saa 3, na juu ya hapo sisi tunahesabu saa zetu kuanzia jua linapochomoza. Kuripoti 02:00 UTC ni 05:00 Tanzania, yaani saa 11 alfajiri. Anayeisoma 02 kama saa 2 asubuhi atafika saa 3 nzima baadaye, ndege imeshaondoka. Mtego mbaya zaidi ni wa siku. Rosta ya saa za Tanzania ikisema Jumanne 01:30, hiyo ni saa 7 na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, na begi linafungwa Jumatatu jioni. Ukijiambia "Jumanne usiku" umekosea kwa siku nzima.

Kwa hiyo chora safu tatu kwenye daftari: saa ya rosta, saa ya Tanzania, saa ya Kiswahili pamoja na jina la siku. Kisha hesabu kurudi nyuma: kuripoti, mwendo wa barabarani, kujiandaa, kuamka. Siku ya akiba, yaani ya kusubiri kuitwa, nayo ni siku ya kazi. Simu iwe na chaji na wewe uwe karibu na kituo chako. Aliyepanda treni kwenda kusalimia nyumbani Tabora hawezi kuitwa akafika.

La pili ni kauli. Tumelelewa kutomwamrisha mkubwa, na adabu hiyo ibaki, ila isigeuze agizo kuwa ombi la hiari. Abiria mzee asiyefunga mkanda mwinamie, sema: "Shikamoo mzee. Funga mkanda tafadhali, tunaondoka sasa." Usiulize kama anaweza kufunga, maana atajibu "nitafunga" na wewe utapita. Simama hapo mpaka usikie mkanda umelia.

Kwa rubani ukimya ni hatari zaidi. Tarehe 8 Januari 1989, ndege ilianguka karibu na Kegworth, Uingereza, baada ya marubani kuzima injini ya kulia wakati iliyoharibika ilikuwa ya kushoto. Wahudumu wa nyuma waliona moto upande wa kushoto, lakini habari hiyo haikufika mbele. Watu 47 walikufa. Kapteni anaweza kuwa rika la baba yako. Mwambie hivyo hivyo, kwa mpangilio huu: umeona nini, upande gani, kinaendelea au kimekoma. Kushoto na kulia kwa ndege huhesabiwa ukitazama mbele, na viti vingi vya wahudumu hutazama nyuma. Ukiwa umekaa, kushoto kwako ni kulia kwa ndege. Taja upande wa ndege, na kama hujiamini taja namba ya safu ya viti.

Katika mashirika mengi marubani hawasumbuliwi ndege ikiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa kwa jambo la usalama. Uwanja wa Tabora wenyewe uko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, hivyo kipindi hicho huisha mapema kuliko unapopaa kutoka Dar es Salaam. Wakati wa kupaa na kutua tumia sekunde 30 kupitia kichwani: mlango wangu ni upi, unafunguliwaje, nje kuna nini, nani atahitaji msaada. Hapa huwa tunawakuta wapya wanapanga namna ya kugawa soda.

Sasa mizigo. Kwenye ndege za pangaboi kama Dash 8 Q400 makabati ya juu ni madogo, na abiria wa Kigoma huja na dagaa, migebuka na mawese. Wa Tabora na asali. Begi lisiloenea linapelekwa chini. Kabla halijaondoka mkononi, uliza: "Kuna pawabenki humu?" Betri hizo hazikai kwenye shehena kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuzifikia. Kikomo cha kawaida bila kibali ni saa-wati (Wh) 100. Ya 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni 74, inaruhusiwa kukaa na mwenyewe.

Ikiwaka ndani, msogeze abiria, mwite mwenzako, zima miali kwa mtungi wa haloni (gesi ya kuzimia moto), kisha mwagia maji mengi au kinywaji chochote kisicho na kilevi. Haloni huua miali lakini haipozi betri, ndiyo maana moto hurudi kwa asiyemwaga maji. Barafu usiweke: huifunika betri na joto hubaki ndani. Mmoja anazima na kupoza, mwingine anampa kapteni taarifa, na betri iangaliwe hadi ndege itue.