Tahtib kwa anayeanza: kushika fimbo, kuizungusha na kulinda kichwa

Tahtib ni mchezo wa fimbo wa Misri ya Juu, yaani kusini kule Minya, Asyut, Sohag, Qena na Luxor. Huchezwa harusini na kwenye maulidi ya mawalii, katikati ya duara la watu, kwa ngoma na zumari. Aliyewahi kuona kirumbizi cha Lamu atatambua mengi. Maelezo haya ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze.

1. Fimbo

Chukua henzirani, usichukue mwanzi. Mwanzi uko wazi ndani, na ukigongwa hupasuka vipande vyenye makali vinavyoweza kuruka jichoni. Henzirani imejaa, ikichoka huchanika nyuzi nyuzi, hivyo unaona mapema kuwa wakati wa kuibadilisha umefika. Urefu uwe sm 120 hadi 130, unene sm 2 hadi 2.5. Ukiisimamisha, ncha ifike kati ya kitovu na kifua. Ipake mafuta kidogo ikianza kukauka, maana kavu hukatika. Nabbut, ile fimbo nene ya mbao ngumu, iache kwanza: uzito wake humzoesha mwanafunzi kukaza bega, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

2. Mdundo

Mdundo wa Saidi, yaani wa Misri ya Juu, una mapigo manne; DUM ni sauti nzito ya ngoma, tak ni ile nyembamba. La 1: DUM-tak. La 2: kimya, halafu DUM. La 3: DUM. La 4: tak. Tabl baladi, ngoma kubwa inayoning'inizwa begani, hupigwa DUM kwa kirungu na tak kwa ufito mwembamba upande wa pili. Utamke kwa mdomo huku unatembea mpaka zile DUM mbili zinazofuatana zikutoke bila kuhesabu.

3. Kuzungusha

Hapa ndipo wengi hukwama, na karibu kila mara kosa liko kwenye mshiko. Acha upana wa ngumi moja nyuma ya mkono. Fimbo ibanwe na kidole gumba, cha shahada na cha kati tu; viwili vilivyobaki viguse bila kukaza. Ukiikamata kwa ngumi nzima, kifundo cha mkono hufungwa, kiwiko huanza kufanya kazi isiyo yake, na ncha inakuja kukugonga goti au sikio.

Mchoro wa hewani ni nane iliyolala. Ncha inashuka mbele yako upande wa kulia, inapanda nyuma ya bega, inavuka mbele ya kifua, kisha inashuka upande wa kushoto. Inapovuka kifua, kiganja lazima kigeuke. Kisipogeuka fimbo hukwama kwenye mkono wako mwenyewe, na ukijaribu kuilazimisha utaumiza kifundo. Fanya kuvuka huko peke yake, polepole, kabla ya kuunganisha duara zote mbili.

Kisha weka mdundo. Ncha ifike chini kulia kwenye DUM ya pigo la 1, na chini kushoto kwenye DUM ya pigo la 3. Anza na mapigo 80 kwa dakika. Usiongeze kasi hadi uweze kuzungusha huku unatembea na kumtazama mtu usoni. Anayetazama ncha ya fimbo yake hajawa tayari kuingia duarani, hata awe na kasi gani. Jambo lingine: kiwiko kikae karibu na mbavu. Wengi wakiambiwa hivyo hukibana kabisa, na nane inageuka duara moja dogo upande wa kulia. Kiwe karibu, kisigande.

4. Kinga

Inua fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili, mmoja ukiwa umeinuka zaidi ili fimbo ya mwenzako iteleze na kuondoka. Ikilala sawa, nguvu yote hubaki hapo na vidole ndivyo vinavyolipa. Mkono wa pili uegemeze fimbo kwa kiganja kilichofunguka, usiizungushie vidole.

5. Duarani

Salimianeni kwanza. Zungukeni mkitazamana, kwa umbali ambao fimbo mbili zikinyooshwa hugusana ncha tu. Shabaha ni kichwa, na kukigusa kwa wepesi kunatosha: aliyefika kichwani ameshinda. Zamani za mafarao fimbo ilikuwa mafunzo ya vita, na michoro ya Abusir ya wakati wa mfalme Sahure inaonyesha watu wakiichezea. Mchezo uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2016 ni wa heshima na furaha. Anayepiga kwa nguvu hajui kusimamisha fimbo, na huo ndio ujuzi wenyewe. Jizoeze mbele ya nguzo: piga kuielekea, usimamishe fimbo ikiwa imebaki upana wa kiganja kimoja kuifikia.

Mkishagusana fimbo mara chache, toka. Mpe anayefuata.

6. Kucheza ngoma

Kwa raqs al-asaya, yaani ngoma ya fimbo, fimbo ni nyepesi, takriban sm 90, mara nyingi yenye mkunjo kama bakora. Kikundi cha Reda, kilichoanzishwa Cairo mwaka 1959, kiliipeleka miondoko hii jukwaani. Ukitaka kuiweka kichwani, kwanza ilaze juu ya kidole kimoja utafute inapotulia: kwa sababu ya mkunjo, hapo si katikati ya urefu. Weka alama kwa utepe wa kitambaa, usiwe wa plastiki, kwani plastiki huteleza kwenye nywele.