Kabla Hujalipia Prosesa: Jinsi ya Kuhakikisha Inakubaliana na Mazabodi

Prosesa ikiingia kwenye soketi, yaani nafasi yake juu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), bila kulazimishwa, wengi huona kazi imekwisha. Bado. Ziko prosesa zinazokaa vizuri kabisa kwenye mazabodi, kifuniko kikafunga, feni ikazunguka, na kioo kikabaki cheusi kwa sababu BIOS ya mazabodi hiyo, yaani programu ndogo ndani ya ubao inayowasha mashine, haizitambui. Mnunuzi hudhani ameuziwa kitu kibovu, anagombana na muuzaji, kumbe vifaa vyote viwili ni vizima. Inauma, maana uchunguzi wenyewe unafanyika kwa simu tu, kabla hela haijatoka.

Nitatumia jozi moja tangu mwanzo: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 na mazabodi ya B450 iliyokwisha tumika. Ndiyo jozi ninayoulizwa zaidi na watu wenye bajeti ya kubana. Intel, mtengenezaji mwingine wa prosesa, nitaigusa pale inapokuwa na mitego yake.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la prosesa

"Core i5" peke yake haikusaidii chochote. Kuna i5 ya mwaka 2009 na i5 ya juzi, na haziingiliani. Unahitaji namba yote pamoja na herufi ya mwisho. Kwenye Core i5-12400F, tarakimu 12 ndicho kizazi, na F maana yake prosesa haina grafiki ndani yake, kwa hiyo bila kadi ya grafiki huoni picha hata kama mazabodi ina tundu la HDMI. K ni ile inayoruhusu kuongezwa kasi.

Kwa AMD ni hivyo hivyo. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, Ryzen 5 5600G inayo. Usidhani pia kwamba namba zinazokaribiana ni ndugu: Ryzen 5 5500 ni ya soketi ya AM4, Ryzen 5 7500F ni ya AM5.

Hatua ya 2: Linganisha soketi

Hapa ni haraka. AM4 hupokea Ryzen kuanzia zile za 2017 hadi familia ya 5000. AM5 ilianza 2022 na hupokea familia za 7000, 8000 na 9000. Kwa Intel, LGA1200 ni kizazi cha 10 na 11, LGA1700 ni cha 12, 13 na 14, na LGA1851 ni Core Ultra 200S zilizotoka 2024.

Ryzen 5 5600 ni AM4, B450 ni AM4. Tumevuka, ila tumevuka mlango wa kwanza tu.

Hatua ya 3: Tazama chipseti

Soketi ni umbo. Chipseti, yaani chipu ya mazabodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine, pamoja na BIOS, ndivyo vinavyoamua nani anakaribishwa. Mfano mbaya kuliko yote ni LGA1151 ya Intel. Jina la soketi ni moja, lakini mazabodi za chipseti za 100 na 200, kama H110 na B250, ni za kizazi cha 6 na 7. Zile za 300, kama H310 na B365, ni za kizazi cha 8 na 9. Core i7-8700 itakaa kwenye B250 kama imezaliwa humo, na haitawaka, kwa sababu Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini. Kwa vile vifaa vya vizazi hivi ndivyo vimejaa kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, mtego huu bado unakamata watu.

LGA1200 nayo ina wake: mazabodi nyingi za H410 na B460 hazipokei kizazi cha 11. Na upande wa AMD, upya si kinga. B550 ni mpya kuliko B450, lakini kwenye orodha rasmi haipokei Ryzen 5 2600, wakati B450 inaipokea.

Hatua ya 4: Fungua orodha ya prosesa ya mazabodi hiyo hasa

Kama ungefanya hatua moja tu katika zote, ifanye hii. Kila mtengenezaji mkubwa, yaani ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock, ana ukurasa kwa kila mazabodi yake, na ndani yake kuna orodha ya prosesa zote zinazokubaliwa. Tafuta jina la mazabodi kwenye tovuti yao, ingia sehemu ya msaada, kisha orodha ya CPU.

Jina la mazabodi lazima liwe kamili pia. "B450" ni chipseti inayotumika kwenye mazabodi nyingi tofauti. Jina lenyewe limechapishwa juu ya ubao, mara nyingi katikati ya soketi na nafasi za kadi. Kwa Gigabyte angalia na kona ya ubao: kuna namba ya marekebisho, mfano "rev. 1.0", na kila marekebisho yana ukurasa wake. Kama mashine bado inawaka kwa prosesa ya zamani, bonyeza alama ya Windows na R, andika msinfo32, utaona mtengenezaji, jina la mazabodi na toleo la BIOS kwa pamoja.

Ukishafungua orodha, tafuta mstari wa prosesa yako na uusome hadi mwisho. Safu ya mwisho au ya karibu na mwisho inaonyesha toleo la BIOS ambalo prosesa ilianza kukubaliwa. Wengi wakiona jina tu wanafunga ukurasa na kwenda kununua, nao jibu la kweli wameliacha kwenye safu hiyo. Ryzen 5 5600 haipo kabisa kwenye orodha? Usinunue, hata muuzaji akiapa.

Maneno "inakubali Ryzen" kwenye boksi au tangazo hayatoshi kuwa ushahidi.

Hatua ya 5: Hakikisha BIOS imefika toleo hilo

Fikiria tarehe. B450 ilitoka 2018, Ryzen 5 5600 ikatoka 2022. Mazabodi iliyotoka kiwandani mwaka wake wa kwanza haiwezi kuijua prosesa hiyo mpaka BIOS isasishwe, na BIOS haisasishwi kwa kawaida bila prosesa inayofanya kazi. Njia ziko tatu.

Ya kwanza, na ninayoipendelea: mwombe muuzaji au fundi aiwashe kwa prosesa ya zamani anayoijua, kama Ryzen 5 2600, asasishe BIOS mbele yako, ndipo uweke yako. Fundi mwenye AM4 ya akiba anaimaliza kazi hii mkiwa mnazungumza.

Ya pili, baadhi ya mazabodi zina kitufe nyuma cha kusasisha BIOS bila prosesa wala RAM. Unapakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, unalibadilisha jina liwe lile ambalo kitabu cha mazabodi kimeelekeza, unaliweka kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32, unachomeka tundu lililowekewa alama, unaunganisha pawa saplai, kisha unabonyeza kitufe. Taa itapepesa. Usiguse kitu mpaka iache.

Ya tatu ni kununua mazabodi ambayo tayari ina toleo jipya, na uthibitishe kwa macho.

Njia yoyote utakayochagua, tumia UPS, kifaa chenye betri ya akiba. Umeme ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, mazabodi inaweza isiwake tena. Kwa jinsi umeme wetu ulivyo, sifanyi kazi hii kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Hatua ya 6: RAM, umeme na kipoza

AM4 hutumia RAM ya aina ya DDR4. AM5 na LGA1851 hutumia DDR5. LGA1700 ndiyo yenye utata, kwa kuwa kuna mazabodi za DDR4 na za DDR5 na haziingiliani. ASUS huandika D4 mwishoni mwa jina kwa zile za DDR4.

Halafu umeme. Core i5-12400 inaweza kuvuta hadi wati 117, Core i9-13900K hadi 253. Zote ni LGA1700 na zote unaweza kuzikuta kwenye orodha ya mazabodi ya H610 ya bei chee, lakini sehemu ya kugawa umeme kwenye ubao wa namna hiyo itachemka na i9 itapunguza kasi. Ryzen 5 5600 ni ya wati 65, haisumbui B450 yoyote iliyo nzima.

Ukitoa kipoza kwenye LGA1200, jua LGA1700 ina matundu yaliyopanuka kidogo, hivyo utahitaji vishikizo vyake.

Tahadhari kwa mashine za ofisi zilizotoka nje: mazabodi za Dell OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi ya umeme ya pini 8 badala ya 24 za kawaida. Prosesa itakubali, pawa saplai yako haitaingia.

Hatua ya 7: Kaguzi za dukani

Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, omba kuona pini. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Kwenye AM5 na Intel ziko ndani ya soketi ya mazabodi. Zimulike kwa tochi ya simu kwa pembeni, na iliyopinda itaonekana kwa kuvunja mstari wa mng'ao.

Kisha iwashwe. Bonyeza Delete au F2, ingia BIOS, usome jina la prosesa, kiasi cha RAM na toleo la BIOS, ulinganishe na ile safu ya hatua ya 4. Muuzaji asiye na meza ya kujaribia aandike kwenye risiti majina kamili ya vifaa vyote viwili na siku ngapi unaruhusiwa kuvirudisha.