Kabla hujaripoti chuo kusoma sayansi: mambo ya kuzingatia

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo vingi hapa Tanzania hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Katikati hapo wengine wanaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wengine wanasaidia dukani au shambani, na madaftari yanakaa tu. Kwa anayekwenda kusoma sayansi, pengo hili linauma kuliko kwa wengine, maana mhadhiri wa mwaka wa kwanza huanza pale mtaala wa sekondari ulipokomea, akiamini yote bado unayo kichwani.

Anza na hesabu. Aliyetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) ana nafuu. Wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) walisoma BAM, yaani hesabu ya msingi, na wengi waliisoma ili wapite tu. Chuoni hesabu ile inakufuata mpaka kwenye kemia na biolojia. Jipime hivi: pH (kipimo cha uasidi) ya mmumunyo imeshuka kutoka 5 hadi 3, je, ukolezi wa ioni za hidrojeni umeongezeka mara ngapi? Jibu ni mara 100, kwa sababu kila hatua moja ya pH ni mara 10. Ukisita hapo, rudi kwenye logi (logarithimu). Kisha fanya mazoezi ya kuhamisha herufi kwenye fomula, vipimo na vizio vyake, na difrensiesheni na intigresheni za msingi. Wiki mbili au tatu za saa mbili kwa siku zinatosha kuamsha kilicholala, ila fanya kwa kalamu. Kusoma majibu kwa macho hakusaidii.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza zaidi: msaada upo, lakini lazima uufuate mapema. Alama zako hugawanyika kati ya kozi weki (majaribio na kazi za muhula) na mtihani wa mwisho wa muhula, mara nyingi 40 kwa 60, na majaribio ya kwanza huja wiki chache tu baada ya masomo kuanza. Anayeomba msaada wakati wa msuli (kusoma kwa nguvu) wa mwisho, ile 40 imeshaamuliwa bila yeye. Kwa hiyo wiki ya kwanza ulizia: semina za kila somo ni lini, nani anaziongoza, mhadhiri anapokea wanafunzi saa ngapi ofisini, na mshauri wako wa masomo ni nani. Kama una ulemavu wa kuona, kusikia au wa aina nyingine, sema tangu usajili ili mipango ya madarasa na mitihani ifanywe mapema.

Ukienda kuuliza, usiseme “sijaelewa mada yote”. Mwongoza semina hana pa kuanzia. Peleka karatasi uliyojaribu na useme, “Mwalimu, nimefika mstari wa nne, alama hii ya kutoa imetoka wapi?” Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika tano, na wewe unaondoka na kitu.

Maabara nayo ina mambo yake. Koti la maabara na kalkuleta ya sayansi tafuta kabla, usisubiri boom (pesa ya mkopo wa kujikimu). Kama shuleni uligusa bureti mara chache tu, usione aibu kumwambia fundi wa maabara akuonyeshe kusoma usawa wa kimiminika, jicho likiwa sambamba na chini ya mpindo wake.

Diskasheni kwenye vimbweta (meza za nje za kujisomea) ni nzuri, watu wanne au watano, Kiswahili ruksa. Ila mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo kila mmoja amalizie kwa kuandika maelezo yake mwenyewe kwa lugha hiyo. Desa (notisi za waliotangulia) la mwaka jana litumie kujipima tu.

Na jaribio la kwanza likienda vibaya, chukua karatasi yako siku ileile inaporudishwa, uende nayo kwa aliyesahihisha mkaangalie swali kwa swali alama zilipopotelea.