Namna ya Kuandika Kitabu cha Mwisho cha Mfululizo wa Mapenzi na Taharuki

Msomaji aliyeufuata mfululizo wa riwaya za mapenzi na taharuki tangu mwanzo hukifungua kitabu cha mwisho akiwa na maswali mawili: je, mhalifu atapatikana, na je, wapendanao hawa wataishia kuwa pamoja? Waandishi wengi huyajibu maswali hayo moja baada ya jingine. Mhalifu anatiwa pingu, sura inayofuata inaleta posa, na kitabu kinaishia hapo. Kwa hesabu hakuna kilichosahauliwa, lakini msomaji anabaki hajaridhika, na mara nyingi hawezi hata kueleza ni nini kilichokosekana. Ninaamini kilichokosekana ni tendo moja linaloyajibu maswali yote mawili kwa pamoja. Mwongozo huu unahusu namna ya kulipata tendo hilo, na namna ya kuziandika kurasa zinazolifuata.

Kwanza hakikisha kwamba mfululizo wako kweli unahitaji hitimisho. Vitabu vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, vilivyoanza kutoka mwaka 1960, kila kimoja kina fumbo lake linaloanza na kuisha humo humo, na msomaji anaweza kuanza na chochote. Mfululizo wa mapenzi hauko hivyo. Hata kama kila kitabu kina kesi yake, uhusiano wa wahusika wawili wakuu unavuka kutoka kitabu hadi kitabu, na kila kikwazo ulichokiweka ni deni ambalo msomaji amelitunza kichwani. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, hutaja mambo mawili ya lazima katika riwaya za aina hii: hadithi ya mapenzi iwe kiini cha kitabu, na mwisho wake umridhishe msomaji kihisia na kumwachia matumaini. Ukiwaua wapendanao katika ukurasa wa mwisho, huenda umeandika kitabu kizuri, lakini umevunja mapatano yaliyomfanya msomaji anunue vitabu vyote vilivyotangulia.

Kazi inaanza kwa kusoma, kabla ya kuandika. Vichukue vitabu vyako vyote vya nyuma, uvisome mfululizo kama msomaji wa kawaida, huku daftari likiwa mkononi. Andika kila swali lililoachwa wazi, kila ahadi iliyotolewa, kila kitu kilichofichwa, kila jeraha, kila mtu aliyetoweka, na tarehe za matukio. Jambo hili lina uzito zaidi kwa wale ambao hadithi zao zilianza kutoka kwa vipande gazetini au katika makundi ya simu, kwa sababu kipande kilichoandikwa kwa haraka ili kutimiza siku ya kuchapishwa huacha nyuma ahadi ambazo mwandishi mwenyewe amezisahau, lakini wasomaji hawajazisahau. Ukimaliza, gawa orodha hiyo mafungu matatu: yanayodai sura nzima, yanayotosheka na sentensi moja, na yale ambayo yatabaki kimya bila madhara. Fungu la kwanza liwe fupi sana. Likizidi mambo manne au matano, kitabu chako cha mwisho kitageuka kuwa ripoti ya kufunga mafaili.

Baada ya hapo litafute swali la mapenzi lenyewe, na hapa usikubali jibu la juu juu. Swali la mapenzi haliwezi kuwa kama wanapendana au hawapendani, kwa maana msomaji alishajua hilo tangu kitabu cha kwanza. Ni lazima kuwe na jambo ndani ya mmoja wao, au kati yao, linalofanya kupendana kusitoshe.

Mfano bora ninaoujua ni vitabu vinne vya mwandishi wa Kiingereza Dorothy L. Sayers vinavyowahusu mpelelezi Lord Peter Wimsey na mwandishi wa riwaya Harriet Vane. Katika *Strong Poison* cha mwaka 1930, Harriet yuko kizimbani akishtakiwa kumuua mpenzi wake wa zamani kwa sumu. Wimsey anamposa akiwa bado mahabusu, kisha anathibitisha kwamba hana hatia na kumwokoa na kitanzi. Harriet anakataa, na anakataa tena katika *Have His Carcase* cha mwaka 1932. Si kwamba hampendi. Anahofia kwamba mwanamke anayedaiwa uhai wake na mwanamume hawezi kusimama naye wakiwa sawa, na kwamba ndoa iliyojengwa juu ya shukrani itawaharibu wote wawili. Hilo ndilo swali la mapenzi la mfululizo mzima, na haliwezi kujibiwa kwa shada la maua wala kwa maneno matamu.

Tazama jinsi linavyojibiwa katika *Gaudy Night* cha mwaka 1935. Harriet yuko katika chuo cha wanawake cha kubuni mjini Oxford, akichunguza ni nani anayeandika barua za matusi na kuharibu mali za chuo. Hatari inapoongezeka, Wimsey hamwambii aondoke, wala hachukui nafasi yake. Anamfundisha namna ya kujinasua mtu anapomkaba, kisha anamnunulia mkanda mnene wa ngozi, wa kufungwa shingoni mwa mbwa, auvae chini ya nguo. Anaposhambuliwa gizani, mkanda huo unasaidia kumwokoa. Kitu kile kile kimoja kinajibu maswali mawili: kinamzuia mhalifu asifanikiwe, na kinamwonyesha Harriet kwamba mwanamume huyu anaweza kumpenda bila kumfungia ndani. Anapokubali posa mwishoni mwa kitabu, msomaji hahitaji kuelezwa sababu.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho ambalo waandishi chipukizi hulipita bila kuliona. Mhalifu ni mtumishi wa chuo, mjane wa msomi aliyepoteza hadhi yake baada ya kugunduliwa kwamba alificha ushahidi uliopingana na tasnifu yake, kisha akajiua. Mwanamke huyu anaamini kwamba mke anapaswa kumtetea mumewe hata dhidi ya ukweli, na anawachukia wanawake wasomi kwa kuuweka ukweli mbele. Yaani chuki yake inagusa pale pale panapomsumbua Harriet: je, mtu anaweza kuupa moyo haki yake bila kuinyima akili yake haki? Mhalifu wa kitabu cha mwisho anatakiwa kuwa jibu potovu la swali la mapenzi. Akiwa jambazi tu mwenye bunduki na fedha nyingi, hata umwandikie ukatili wa namna gani, hatawagusa wapendanao hawa zaidi ya ambavyo angewagusa watu wengine wowote.

Sasa tufanye zoezi kwa mfululizo wa kubuni wa vitabu vitatu, unaotokea Tanga. Zuhura ni karani katika ghala la mkonge, na kaka yake alitoweka katika kitabu cha kwanza. Idi ni wakili anayemsaidia kumtafuta, nao wanapendana. Katika kitabu cha pili msomaji, pamoja na Zuhura, wanagundua kwamba Idi aliwahi kuliona faili la kaka huyo na akanyamaza, akidai kwamba alitaka kumkinga Zuhura na uchungu. Swali la mapenzi basi liko wazi: je, Zuhura anaweza kuishi na mtu anayeamua kwa niaba yake ni ukweli upi anaoweza kuubeba?

Rasimu ya kwanza ya mwandishi wa kawaida itamfungia Zuhura ghalani, Idi atavunja mlango, watapigana na mwenye ghala, polisi watafika, na Zuhura atamsamehe Idi huku akimfunga jeraha la mkono. Msamaha huo haukutoka popote. Idi amethibitisha ushujaa, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka, na swali la ukweli halijaguswa.

Geuza mambo. Usiku ule kabla ya hatari, Idi anakuja nyumbani kwa Zuhura akiwa na faili zima, ikiwemo karatasi yenye sahihi yake mwenyewe, ambayo inaweza kumpotezea leseni ya uwakili. Analiweka mezani na kusema, "Soma lote. Ukimaliza, uamuzi ni wako." Zuhura anasoma mpaka alfajiri, na kwa kuwa ni karani aliyezoea hati za mizigo, anaona kwamba namba ya shehena katika karatasi inayomchafua Idi ndiyo namba iliyorudiwa katika hati ya mwenye ghala. Bila karatasi hiyo mhalifu asingenaswa. Tendo la Idi la kutoficha ndilo linalomwangusha adui, na macho ya Zuhura, si misuli ya Idi, ndiyo yanayokamilisha kazi. Mapambano ya ghalani yanaweza kufuata, na unaweza kuyafanya makali utakavyo, lakini jambo kubwa limeshaamuliwa mezani.

Ili kufika hapo, mhalifu awe mtu ambaye msomaji amekwisha kumwona. Kumleta mgeni katika kitabu cha mwisho na kumbebesha makosa ya vitabu vyote ni kuwanyima wasomaji haki yao ya kukisia. Kama hukumpanda mapema, rudi kwenye daftari lako umtafute mtu mdogo aliyekuwapo tangu kitabu cha kwanza, mwenye nafasi na sababu. Mara nyingi yupo. Vivyo hivyo, usiwatenganishe wapendanao kwa ugomvi ambao simu moja ingeumaliza, kwani wasomaji waliokaa nao kwa miaka huona mara moja kwamba mwandishi anavuta muda.

Kilele kikiisha, usikimbie. Kosa hili la kuharakisha naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu msomaji wa mfululizo amesubiri muda mrefu kuwaona watu hawa wakiwa salama. Sayers alifunga na *Busman's Honeymoon* cha mwaka 1937, ambamo fungate ya maharusi inavurugwa na maiti iliyokutwa katika chumba cha chini cha nyumba yao. Muuaji anapojulikana, kitabu hakikomi. Tunamfuata Wimsey hadi usiku wa kuamkia kunyongwa kwa mtu aliyemkamata, akiteswa na wazo kwamba kazi yake imempeleka binadamu kwenye kitanzi, mpaka anamwendea mkewe na kulia mikononi mwake. Mwanamume aliyekuwa mwokozi sasa ndiye anayehitaji kushikwa, na deni lililoanza katika kitabu cha kwanza linafutika.

Kwa wasomaji wetu kurasa hizi zina kazi ya ziada. Mapenzi katika jamii za Waswahili hayaishii kwa watu wawili, na msomaji atataka kujua mama yake Zuhura alisema nini, nani alitumwa kama mshenga, na kama baba mdogo aliyekataa kumpokea Idi katika kitabu cha pili alikuja au alituma udhuru. Harusi si lazima. Baraza moja la wazee lililoandikwa vizuri, ambapo Idi anaulizwa mbele ya watu kuhusu karatasi ile naye anajibu bila kupinda, linaweza kuzidi karamu ya kurasa ishirini. Pia usiingize chambo cha hadithi mpya katika ukurasa wa mwisho. Kama una wazo la mfululizo mwingine, lianzishe katika kitabu chake.

Muswada ukiwa tayari, wape wasomaji wawili: mmoja aliyesoma vitabu vyote na mwingine aliyesoma cha kwanza tu. Usiwaulize kama wamekipenda. Waombe kila mmoja aandike maswali yaliyobaki kichwani mwake, kisha uyalinganishe na daftari lako. Maswali ya yule wa kwanza yatakuonyesha deni ulilosahau kulilipa. Ya yule wa pili yatakuonyesha mahali ulipotegemea kumbukumbu ya msomaji kupita kiasi, na hapo sentensi moja ya kukumbusha, ikiwekwa katika mazungumzo badala ya maelezo, kwa kawaida hutosha.