SOMO: Kupima mlima wa mwezini ukiwa Mtwara, na hayo majina yake yanatoka wapi

Wadau wa kusini habari za jioni. Leo tunaongelea milima iliyoko mwezini, namna ya kuiona ukiwa hukuhuku kwetu, Mtwara mjini, Lindi, Masasi popote ulipo, alafu namna ya kuupima mlima mmoja kwa picha ya simu na kalkuleta. Nimeandika kwa hatua kwa sababu kila mada hii ikiguswa kuna mtu anauliza "sasa walijuaje urefu kabla hawajafika huko", na jibu ni kwamba walijua kwa kuangalia mwanga na kivuli, zaidi ya miaka 400 iliyopita, na hakuna kinachokuzuia kufanya hivohivo.

HATUA YA 1: Chagua siku

Usitoke siku ya mwezi mpevu. Najua ndo siku bahari ya Mikindani inapendeza lakini kwa milima ni siku mbovu kuliko zote, jua linaupiga mwezi kutokea upande wetu, vivuli vyote vimejificha nyuma ya vitu vyenyewe na kila kitu kinakuwa cheupe tu. Siku yako ni mwezi nusu, siku ya saba mpaka ya tisa toka mwezi uandame. Wavuvi hawahitaji kalenda hapa, ni siku za maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana, na sababu ni ileile moja, jua na mwezi vimekaa pembe mraba ukiviangalia kutoka duniani kwahiyo mvuto wao unapingana, na mwanga wa jua unaupiga mwezi kwa ubavu, vivuli vinalala virefu tukiviona vizuri kabisa.

Kiangazi ndo msimu mzuri, mawingu machache, ila kuna kusi, upepo ule unatikisa mikono hivyo tafuta ukuta ujikinge. Saa moja na nusu mpaka saa tatu usiku mwezi bado uko juu.

HATUA YA 2: Upate mlima wenyewe

Geukia magharibi. Kwetu huku mwezi nusu wa jioni ukianza kushuka upande unaong'aa unakuwa chini na upande wa kiza juu, na kaskazini ya mwezi iko mkono wako wa kulia (hii wengi wanachanganyikiwa kwa sababu ramani za mtandaoni zimechorwa kaskazini iko juu). Shika darubini ya macho mawili, ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake milimita 50) inatosha, anzia katikati ya ule mpaka wa mwanga na kiza, nenda kulia taratibu. Ukifika kama theluthi moja ya njia kwenda ukingoni utakutana na safu ya kung'aa imejipinda, hiyo ndo Montes Apenninus, ina urefu wa kama kilomita 600 na kilele chake kikubwa, Mons Huygens, kinazidi kilomita 5. Angalia sana pale safu inapoingia kizani, utaona vidoto vya mwanga vimesimama vyenyewe ndani ya weusi. Hivyo ni vilele vimeshapata jua wakati mabonde yake bado usiku. Mi naona hakuna kitu kizuri kuliko hicho kwenye mwezi mzima, na ukikaa saa moja unaona vidoto vinaongezeka kwa macho yako mwenyewe.

Endelea kulia mpaka theluthi mbili ya njia. Kwenye tambarare ya kijivu, Mare Imbrium (Mare ni "bahari" kwa Kilatini), kuna mlima umesimama peke yake unaitwa Mons Piton. Huo ndo tutaupima, kwa sababu kivuli chake kinaangukia sehemu tambarare na hakigongani na mlima mwingine. Hapa darubini ya macho mawili haitoshi, unahitaji ile ya kuangalia nyota yenye tripodi, ikuze kama mara 50 kwenda mbele, na kumbuka nyingi zinageuza picha, juu inakuwa chini, au kulia inakuwa kushoto. Kama mpaka wa kiza bado haujaupita mlima subiri kesho yake, mpaka unasogea kama nusu digrii kila saa.

HATUA YA 3: Piga picha

Weka lenzi ya simu kwenye tundu la darubini, punguza mwanga mpaka upande unaong'aa usiungue, piga picha nyingi uchague iliyotulia. Mwezi wote uingie kwenye fremu, toka ncha mpaka ncha, maana tunahitaji kujua upana wake.

HATUA YA 4: Hesabu

Kanuni ni ileile ya kupima mnazi kwa kivuli chake, ukijua jua limepanda kiasi gani na kivuli kina urefu gani, basi mnazi unaujua bila kuupanda. Pale mwezini kujua jua limepanda kiasi gani ni rahisi ajabu: kwenye mpaka wa mwanga na kiza jua ndo linachomoza, na kadiri mlima ulivyo mbali na mpaka ndivyo jua lilivyo juu zaidi pale.

Kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,475. Tuseme kwenye picha yako mwezi toka ncha mpaka ncha ni pikseli 1,737, basi pikseli moja ni kilomita 2. Sasa pima vitu viwili. Cha kwanza umbali wa mlima toka kwenye mpaka, tuseme pikseli 75, yani kilomita 150. Cha pili kivuli, anzia kwenye kilele na sio kwenye kitako cha mlima, mpaka ncha ya kivuli, tuseme pikseli 15, yani kilomita 30. Alafu (hii 1,737 ya hapa chini ni nusu kipenyo cha mwezi kwa kilomita, sio zile pikseli za picha, haibadiliki):

kivuli x umbali ÷ 1,737 = 30 x 150 ÷ 1,737 = 2.59

Hapo hujamaliza. Mwezi ni mviringo, ardhi inainama mbele ya mlima na kivuli kinakuwa kirefu kuliko ambavyo kingekuwa kwenye meza, kwahiyo toa:

kivuli x kivuli ÷ 3,475 = 30 x 30 ÷ 3,475 = 0.26

2.59 toa 0.26 unabaki na 2.33. Kilomita 2.33, na urefu wa Piton unaokubalika ni kama kilomita 2 na robo. Namba hizi nimeziweka za mfano ziwe nyepesi, zako zitatofautiana kutegemea na saa uliyopiga. Fomula hii inafanya kazi mwezi ukiwa nusu au karibu na nusu tu, usiipeleke kwenye mwezi mwembamba.

Kuhusu makosa: pikseli moja ukikosea kwenye kivuli, kwa mfano huu, jibu linabadilika kama mita 140. Ule mpaka nao sio mstari wa rula, unafifia fifia, ukikosea pikseli 5 pale ni kama mita 170. Kwahiyo ukipata 2.1 au 2.5 usikate tamaa, umefanya kazi nzuri. Pima mara kadhaa uchukue wastani.

HATUA YA 5: Uliza "urefu kutoka wapi?"

Hii ndo hatua watu wengi wanairuka na mi naiona ndo yenyewe. Sisi tukisema Kilimanjaro ni mita 5,895 kila mtu anajua ni kutoka usawa wa bahari, na huku pwani bahari hiyo tunaigusa. Mwezini hakuna bahari. Zile zinazoitwa bahari ni tambarare za lava iliyoganda. Kwahiyo wataalamu wamekubaliana kutumia duara la kufikirika lenye nusu kipenyo cha kilomita 1,737.4, hiyo ndo sifuri yao, kila kitu kinapimwa juu au chini ya hapo.

Sasa angalia inavyoleta mkanganyiko. Tambarare ya Imbrium anaposimama Piton iko zaidi ya kilomita 2 chini ya hiyo sifuri, kwahiyo kilele cha Piton ukikisoma kwenye ramani za satelaiti kitakuja karibu na sifuri, mtu anasema aah kumbe sio mlima. Ni mlima, mtu aliyesimama chini yake angeinua shingo haswa. Kivuli kinakupa urefu wa kilele juu ya ardhi kinapoangukia, satelaiti inakupa urefu toka kwenye duara la makubaliano. Ukisoma namba ya mlima wowote wa mwezini na hawajasema wamepima toka wapi, iache kwanza.

Satelaiti yenyewe ni LRO ya Marekani, ilirushwa Juni 18, 2009. Inapiga leza chini mara 28 kwa sekunde, kila pigo linagawanyika miale 5, na inapima mwanga umechukua muda gani kwenda na kurudi. Kutoka juu kilomita 50 safari hiyo ni kama sehemu moja ya 3,000 ya sekunde. Ndo maana sasa hivi ramani ya milima ya mwezini ni nzuri mno.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Masasi): Mkuu huku kwetu milima ya mawe inasimama peke yake kwenye tambarare kama huyo Piton, ilitokea hivohivo?

Jibu: Hapana ndugu yangu, sura zinafanana ila historia tofauti kabisa. Ya Masasi ni mwamba mgumu uliobaki baada ya mvua na miaka kula udongo na miamba laini ya pembeni. Mwezini hakuna mvua wala mito. Karibu miaka bilioni 3.9 iliyopita gimba kubwa liligonga pale, likachimba bonde la Imbrium, na kingo zake zikainuka, Apenninus ni sehemu ya huo ukingo. Piton ni mabaki ya pete ya ndani ya bonde hilohilo, baadae lava ikaja ikajaza chini ikabaki ncha tu. Safu kubwa zote unazoziona kule ni kingo za mabonde ya namna hiyo, hakuna mabamba ya ardhi yanayosukumana kama yaliyoinua Himalaya.

Swali (Nachingwea, mwanafunzi): Shikamoo mwalimu. Galileo nae alitumia hii fomula?

Jibu: Marahaba mwanangu. Yeye alitumia vile vidoto vya mwanga kizani. Aliona kilele kimewaka wakati kiko mbali na mpaka kwa sehemu moja ya 20 ya kipenyo cha mwezi. Kwa maili za Kiitalia za wakati ule kipenyo aliweka 2,000, kwahiyo umbali ni 100, akachora pembetatu mraba, upande mmoja 1,000 mwingine 100, tafuta upande mrefu kwa Pythagoras, unapata karibu 1,005. Toa 1,000. Akasema milima ile inazidi maili 4, akachapisha 1610. Alizidisha kidogo lakini fikiria kifaa alichokuwa nacho. Ifanye kwenye daftari, ni hesabu ya shuleni kwenu kabisa.

Swali (Lindi): Mbona majina yote ya Ulaya, Apenninus, Alpes, Carpatus? Tunaweza kupeleka jina la kwetu?

Jibu: Dada ni kwa sababu waliochora ramani za mwanzo ni watu wa huko. Johannes Hevelius mwaka 1647 alitoa majina ya milima ya duniani, mengi yamepotea ila ya milima kadhaa yakabaki. Riccioli mwaka 1651 akaleta utaratibu wa kreta (yale mashimo ya duara ya mwezini) kuitwa majina ya wanasayansi. Siku hizi mwenye kauli ni Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioanzishwa 1919. Mlima unachukua jina la safu ya duniani au la kreta ya jirani, na ukitumia jina la mtu kumuenzi kawaida awe amefariki angalau miaka mitatu. Jina linatolewa pale watafiti wanapolihitaji, haliuzwi, kwahiyo wanaouza vyeti mtandaoni wanakula hela zenu bure. Ila milango haijafungwa: 2023 mlima mkubwa karibu na ncha ya kusini ulipewa jina Mons Mouton, kwa heshima ya Melba Mouton, mwanahisabati mweusi wa NASA. Na mwanaanga Jim Lovell akiwa kwenye chombo cha Apollo 8 mwaka 1968 aliuita mlima mmoja Marilyn, jina la mkewe, marubani wakautumia kama alama ya njia, rasmi ukakubalika 2017. Miaka karibu 50 alisubiri.

Swali (Mtwara): Kuna mlima unaozidi Everest?

Jibu: Sehemu ya juu kabisa iko upande wa nyuma ambao hatuuoni, mita 10,786 juu ya ile sifuri. Everest ni 8,849 juu ya bahari. Ila rudi hatua ya 5 kaka, sifuri ni mbili tofauti. Alafu pale sio ncha, ni mwinuko wa taratibu sana wa kama digrii 3, ungepanda na baiskeli. Ukitaka mlima wa kutisha mtazame Mons Hadley, kama kilomita 4 na nusu juu ya tambarare, chini yake ndo walitua David Scott na James Irwin wa Apollo 15, Julai 1971.

Swali (Newala): Sina darubini ya tripodi, simu tu. Nifanyeje?

Jibu: Ingia kwenye ramani inaitwa QuickMap, bure, inatumia data za LRO. Tafuta Mons Piton, chora mstari toka tambarare upite kileleni, itakuchorea mwinuko wake. Soma namba ya chini na ya juu, toa, hapo utaiona hatua ya 5 kwa namba.

Swali (Mikindani): Mwezi ukishaanza kupungua ndo basi mpaka mwezi ujao?

Jibu: Hapana mkuu, maji mafu yanarudi mara ya pili siku kama ya 22, mwezi nusu wa alfajiri. Wewe unayewahi baharini ndo utaupata vizuri, uko juu kabisa saa kumi na moja. Safari hiyo jua linapiga kutoka upande wa pili, kivuli cha Piton kinalala mashariki badala ya magharibi, fomula ni ileile. Ukipata picha zote mbili zilete hapa tulinganishe, maana ardhi ya pande mbili za mlima haiko sawasawa na majibu yako mawili yanaweza kutofautiana yote yakiwa sahihi.